Kusoma Jiwe Jangwani: Mwongozo kwa Mwenye Kuzuru Kaunti ya La Paz, Arizona

Msafiri atokaye Phoenix kwa gari na kuishika barabara kuu ya 10 kuelekea magharibi, baada ya kukata kama kilomita 200 katika nchi ya changarawe na milima mikavu, hufika mji mdogo uitwao Quartzsite, na mbele kidogo yake huukuta mto Colorado, ambao ndio mpaka baina ya Arizona na California. Nchi aliyoipita mwishoni mwa safari yake ni kaunti ya La Paz, iliyo changa kwa cheti na kongwe kwa mambo yaliyopita ndani yake: kwa cheti ilianza tarehe 1 Januari 1983, ilipomegwa kutoka kaunti ya Yuma, nayo ndiyo ya pekee iliyoundwa tangu Arizona ilipokuwa jimbo kamili la Marekani mwaka 1912, ama kwa mambo, watu wameishi kando ya mto ule tangu zama ambazo hapakuwa na mwandishi wa kuziandika. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 11,700, na wakazi wake, kwa hesabu ya mwaka 2020, hawakutimia 17,000.

Katika nchi pana namna hiyo yenye watu haba, kumbukumbu haikupata majumba makubwa ya kukaa. Imekaa katika makaburi, katika nguzo za saruji zilizosimama kando ya mashamba, katika magofu ya matofali ya udongo, na katika michoro iliyokwanguliwa juu ya ardhi yenyewe. Nimekuandikia mwongozo huu wewe ambaye masomo, kazi au ujamaa umekupeleka Marekani, nawe ukapata siku mbili au tatu za kuzuru, ukapenda kurudi na elimu pamoja na picha. Nasaha yangu ni moja, na yote yatakayofuata ni sherehe yake: jiwe la kumbukumbu ni shahidi, na shahidi haachwi akasema neno lake kisha akaenda zake, bali huulizwa.

Matayarisho ya safari

Nenda baina ya Novemba na Machi. Wakati huo hewa ni ya kupendeza, na maelfu ya wageni wakimbiao baridi ya kaskazini huja na magari yao ya kulala wakapiga kambi kuuzunguka mji wa Quartzsite, hata mji wa watu wachache ukajaa kama mji wenye mnada. Miezi ya Juni, Julai na Agosti joto hupita nyuzi 43 za sentigredi, na mtu aliyezoea jua la pwani asidhani kuwa amejizatiti, kwa kuwa jua la pwani lina unyevu na jasho huonekana, lakini la jangwani hukausha jasho kabla halijaonekana, na mtu huishiwa maji mwilini pasipo kujua.

Chukua maji yasiyopungua lita 4 kwa kila mtu kwa kila siku, na akiba ndani ya gari. Jaza mafuta Quartzsite au Parker kila upitapo, hata kama tangi lina nusu. Usiitegemee simu kukuonyesha njia, maana ziko sehemu ambazo mawimbi hayafiki. Kuwa na ramani ya karatasi, na mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Ukikuta mkondo mkavu uliokata njia, na mawingu yako milimani, usiuvuke wala usipige kambi ndani yake, kwani mvua iliyonyesha mbali hushuka kwa ghafla na kuchukua gari na watu. Mwisho wa hayo, angalia saa yako: Arizona, isipokuwa nchi ya Wanavajo iliyoko kaskazini-mashariki, haibadilishi saa kwa majira, kwa hiyo wakati wa baridi ukivuka mto kuingia California utakuta saa ya huko iko nyuma kwa saa 1, na wakati wa kiangazi zote mbili zi sawasawa.

Maswali matatu ya kuliuliza jiwe

Utakapofika mbele ya kibao, mnara au kaburi lenye maandishi, usianze na kamera. Soma maandishi yote mara moja, kisha ujiulize maswali matatu.

La kwanza, ni nani aliyelisimamisha? Jiwe lililowekwa na serikali hutaja huduma kwa serikali. Lililowekwa na wenye machungu hutaja machungu. Na kila mmoja husema kweli ya upande wake. La pili, lilisimamishwa mwaka gani? Aghalabu baina ya tukio na jiwe hupita miaka 30, 50 au zaidi, na ndani ya miaka hiyo mna habari kubwa kuliko ile iliyochongwa: kwa nini watu walinyamaza muda huo wote, na ni jambo gani lililowafungua vinywa? La tatu, jina lililoandikwa lilipita katika ndimi za nani kabla ya kufika hapa?

Swali hili la tatu lisikuonekee dogo, kwani kaunti hii imejaa majina yaliyogeuzwa. Mji wenyewe wa Quartzsite ulikusudiwa kuitwa Quartzite, kwa jina la mwamba mgumu, lakini herufi ya S ikaingia katikati kwa kosa la maandishi ya posta, isitoke tena. Mtu aliyefanya dhahabu ya La Paz ijulikane mwaka 1862 anaandikwa Pauline Weaver, na wasomaji wengi humdhania mwanamke, hali alikuwa mwanamume, mwindaji na mjuzi wa njia, mama yake akiwa wa kabila la Wacherokee; jina lake lilikuwa Powell, wasemao Kihispania wakalitamka Paulino, na waandikao Kiingereza wakalipokea tena likiwa Pauline. Ukilisoma jina kama lilivyo ukaridhika, utakuwa umekutana na kosa la karani, nawe hujakutana na mtu.

Quartzsite: kaburi lenye ngamia

Anza katika maziara ya Quartzsite. Katikati yake utaona piramidi ya mawe, kilele chake kikiwa na ngamia wa shaba, na kibao kinachomtaja aliyezikwa hapo kwa jina la Hi Jolly, kwamba alizaliwa mahali fulani katika nchi ya Shamu yapata mwaka 1828, na kwamba alifariki mjini hapo tarehe 16 Desemba 1902. Sasa litamke jina hilo polepole, mara mbili au tatu, kwa ulimi wako wa Kiswahili, nawe utasikia jambo ambalo wengi wapitao hapo hawalisikii mpaka waambiwe: Haji Ali.

Habari yake ni hii. Mwaka 1855 Bunge la Marekani lilitoa dola 30,000 za kununulia ngamia, kwa shauri la Jefferson Davis aliyekuwa waziri wa vita, ili wajaribiwe kuchukua mizigo ya jeshi katika nchi kame zilizotwaliwa kutoka Meksiko. Maofisa walikwenda kwa merikebu iitwayo Supply hata Tunis, Misri na Smyrna, na mwezi Mei 1856 wakawateremsha ngamia zaidi ya 30 katika bandari ya Indianola, Texas. Shehena ya pili ilifuata mwaka 1857, jumla yao ikapita 70. Pamoja na wanyama walichukuliwa watu waliojua kuwafunga matandiko, kuwapandisha na kuwapigisha magoti, na mmoja wao ndiye huyu Haji Ali. Mwaka 1857 Edward Beale aliwaongoza ngamia kutoka New Mexico hata mto Colorado akitafuta njia ya magari, akawasifu mno kwa uvumilivu wao. Walakini wachunga nyumbu hawakuwapenda, nyumbu na farasi waliwaogopa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 mradi ulisahauliwa. Ngamia wakauzwa mnadani, na wengine wakaachwa wakatawanyika jangwani.

Haji Ali hakurudi kwao. Alitumika kama mpakiaji mizigo na kiongozi wa njia wa jeshi, akatafuta madini. Na mwaka 1880 alipopata uraia aliandikwa Philip Tedro, akamwoa Gertrudis Serna katika mji wa Tucson. Lakini ulimi wa watu wa jangwani ulikwisha mpa jina lake la tatu, nalo ndilo lililoandikwa kaburini.

Liulize jiwe maswali yako. Nani alilisimamisha? Idara ya Barabara Kuu ya Arizona. Mwaka gani? Mwaka 1935, yaani miaka 33 baada ya mazishi, wakati barabara za magari zilipokuwa zikikata jangwa, na wenye kuzijenga wakamkumbuka mtu aliyeipita nchi ile kabla ya lami. Kwa hiyo maandishi yanasifu utumishi wake mwaminifu kwa serikali. Hayamtaji mke wake, wala hayasemi neno la Haji maana yake nini. Wenyeji nao watakuhadithia kwamba alikutwa amekufa jangwani, mikono imeikumbatia shingo ya ngamia wa mwisho. Isikilize hadithi hiyo kwa adabu, uiandike katika daftari lako, na juu yake uandike neno hekaya. Kwani hekaya huonyesha namna watu walivyompenda mtu, na habari huonyesha yaliyompata, nawe unazihitaji zote mbili, kila moja katika ukurasa wake.

Kabla ya kuondoka mjini, ingia Tyson's Well, kituo cha magari ya farasi kilichojengwa kwa matofali ya udongo katika miaka ya 1860, ambacho leo ni makumbusho. Hapo utafahamu kwamba mji mzima ulikaa mahali ulipo kwa sababu ya kisima, na kwamba ramani ya jangwa, kabla ya barabara, ilikuwa ramani ya maji.

Ehrenberg na mji uliotoweka

Ukishika barabara kuu tena kuelekea magharibi utafika Ehrenberg, ukingoni mwa mto. Jina lake limetokana na Herman Ehrenberg, Mjerumani mhandisi wa madini aliyeuawa mwaka 1866. Kaskazini yake, mwendo wa kilomita chache, ndipo ulipokuwa mji wa La Paz, ulioinuka kwa dhahabu ya mwaka 1862, ukawa makao makuu ya kaunti ya Yuma tangu mwaka 1864, kisha mto ukahama njia yake, bandari ikabaki nchi kavu, na biashara ikashuka Ehrenberg. Michel Goldwater, mfanyabiashara Myahudi ambaye ukoo wake ulikuja kuwa maarufu katika siasa za Marekani, alikuwa na duka katika miji hiyo.

Usitarajie kuona mengi. Nenda katika makaburi ya Ehrenberg, utazame malundo ya mawe yasiyo na majina, kisha ukumbuke kwamba kaunti nzima ya leo imepewa jina la mji ambao haupo. Mtu wa Kilwa au wa Gedi hahitaji kuelezwa jambo hilo, kwani amekwisha ona mji uliokufa na jina lililobaki hai.

Poston: nguzo moja

Kutoka Quartzsite, barabara ya 95 itakupeleka kaskazini hata Parker, makao makuu ya kaunti, mwendo wa kilomita 56. Na ukishuka kusini ya Parker kama kilomita 20, ndani ya mashamba yanyweshwayo maji ya mto, utaiona nguzo ya saruji imesimama peke yake, kimo chake yapata mita 9. Hapa tenga nusu siku, na watoto ukiwa nao waeleze kabla hamjafika.

Tarehe 19 Februari 1942, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066, na kwa amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliokuwa wakiishi pwani ya magharibi, ambao thuluthi mbili kati yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, walitolewa majumbani na mashambani mwao wakapelekwa makambini, pasipo kushitakiwa wala kuhukumiwa. Poston ilikuwa mojawapo ya kambi kubwa kabisa, ikigawanyika katika sehemu tatu, na ilipojaa ilikuwa na watu zaidi ya 17,000, hata ikawa mji wa tatu kwa wingi wa watu katika Arizona yote. Kambi ilipewa jina la Charles Poston, mtu wa karne ya kumi na tisa ambaye hakuhusika nayo hata kidogo. Wafungwa wenyewe, kwa mavumbi na joto waliloliona, walilipinda jina hilo kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuokwa na kukaangwa.

Ardhi ile ilikuwa, na ingali, nchi ya hifadhi ya makabila ya mto Colorado, iliyowekwa mwaka 1865. Baraza la makabila lilikataa kambi isijengwe, likisema kwamba halitaki kushiriki katika kuwatenda wengine dhuluma ambayo wao wenyewe wameionja, lakini serikali haikusikiliza. Wafungwa walichimba mifereji, wakalima, na wakafyatua matofali ya udongo wakajenga shule, ambazo baadhi ya majengo yake yako hata leo. Vijana wao wengine waliingia jeshini kutoka kambini wakafa vitani kwa ajili ya nchi iliyowafunga. Kambi ilipofungwa mwaka 1945, jamaa za Wahopi na Wanavajo walikuja kukaa katika mabanda yaleyale.

Sasa uliza. Nguzo ilisimamishwa mwaka 1992, miaka 50 baada ya kufunguliwa kambi, na waliofungwa pamoja na jamaa zao, kwa msaada wa makabila yenye ardhi. Kwa nini miaka 50? Kwa sababu wazee wengi waliona aibu kulisimulia jambo ambalo aibu yake haikuwa yao. Na kwa sababu ilikuwa mwaka 1988 tu ambapo serikali ya Marekani iliomba radhi kwa sheria na kumlipa kila aliyekuwa hai dola 20,000. Ukilinganisha nguzo hii na piramidi ya Quartzsite utaelewa vema swali la kwanza: kule aliyeweka jiwe ni mwenye kushukuru, na hapa ni mwenye kudai insafu.

Michoro ya ardhini

Wamojave na Wachemehuevi, walio miongoni mwa makabila hayo ya mto Colorado, hawakungoja idara yoyote iwawekee vibao. Rudi Parker uingie makumbusho ya makabila yenyewe, ambako utaona vikapu na vyombo vya udongo, na kusikia habari za mto kwa vinywa vya wenye mto. Kisha utazame michoro ya ardhini. Ulio karibu ni ule uitwao Mvuvi, kando ya barabara ya Plomosa baina ya Quartzsite na Bouse, unaoonyesha mtu mwenye mkuki na samaki. Na mikubwa zaidi iko ng'ambo ya mto, yapata kilomita 24 kaskazini ya mji wa Blythe, ambako mmoja wa watu waliochorwa ana urefu wa kama mita 52. Kazi ilifanywa kwa kukwangua changarawe nyeusi iliyo juu, hata udongo mweupe wa chini ukaonekana. Ulimwengu wa nje uliitambua michoro ya Blythe mwaka 1932, rubani alipoipita angani, na tangu hapo magari ya watu wasiojali yaliikanyaga mpaka ikabidi izungushiwe uzio. Simama nje ya uzio. Alama ya tairi katika ardhi ile haifutiki maishani mwako wala mwa watoto wako.

Ukiwa na muda, pita Bouse, ambako katika miaka ya 1943 na 1944 jeshi lilifundisha kwa siri vifaru vyenye taa kali za kumpofusha adui usiku. Na kama gari lako limeinuka na njia ni kavu, nenda Swansea, mji wa shaba uliochukua jina la mji wa Wales, ukastawi mwanzoni mwa karne ya ishirini, na leo ni kuta tupu.

Adabu za mzuru

Usiokote kigae, msumari wala chupa ya kale: sheria ya mwaka 1906 na ile ya mwaka 1979 zinakataza kuchukua vitu vya kale katika ardhi ya umma na ya makabila, na hata kama zisingalikataza, kitu kilichoondolewa mahali pake hakitoi ushahidi tena. Ndani ya hifadhi ya makabila fuata kanuni zao, omba ruhusa kabla ya kuacha njia kuu, na usimpige mtu picha bila idhini. Juu ya kaburi la Haji Ali usipande, japokuwa utaona wengine wakifanya hivyo.

Kwa kila jiwe andika mambo manne katika daftari lako: mahali, mwaka wa tukio, mwaka wa jiwe, na jina la aliyeliweka. Kisha acha nafasi tupu chini yake, kwa ajili ya lile ambalo jiwe halikulisema, nawe utalijaza ukisikia kwa wenyeji, katika makumbusho, au kwa wazee dukani na mkahawani, ambao humkaribisha kwa furaha mgeni aulizaye kwa upole.

Nimekuanzisha Quartzsite, nami nakushauri umalizie hapohapo, kwa kuwa barabara ya kurudi itakupitisha. Fika maziarani kabla ya magharibi, jua likiwa nyuma ya ngamia wa shaba. Ukiwa Mwislamu utamsomea Fatiha. Ukiwa wa dini nyingine utasimama kimya kwa kadiri ya heshima yako. Na kama yuko mtu kando yako, mwenyeji au mgeni, anayekisoma kibao na kulishangaa jina, mwambie kwa unyenyekevu kwamba katika lugha yako Haji ni mtu aliyekwenda Makka, na Ali ni jina litajwalo kila siku kutoka Lamu hata Kilwa, kisha ulitamke vizuri ili naye alisikie. Jiwe halina ulimi wa kujisahihisha, wewe unao.